Siku Waya Alipokanda Poti Yangu kwa Samli

Afadhali hii aibu muisikie kwangu mimi mwenyewe kabla hamjaisikia kwa jirani yangu Mama Nekesa, maana yeye akiisimulia huongeza pilipili, na kwa jinsi anavyoieleza eti nililia mpaka nikapiga magoti, jambo ambalo si kweli (nililia, ndiyo, lakini nilikuwa nimelala chali, na mtu aliyelala chali anapigaje magoti?). Mimi ni fundi wa nguo, nina kibanda changu pale Kondele, na kwa miaka yote niliyoshona sare za shule na magauni ya harusi sijawahi kuaibika kama nilivyoaibika asubuhi ile hospitalini, nikiwa nusu uchi, daktari na wanafunzi wake wamenizunguka, na shangazi yangu yuko pale anajisifu.

Nianzie mbali kidogo. Mimi ni mdadisi, na si wa kawaida. Mteja akiniletea nguo yenye zipu ya aina ambayo sijaiona, siwezi kutulia mpaka niifumue kidogo nione imeshikwaje, halafu nairudisha na hajui kitu (sasa mmejua, lakini msiwaambie). Kwa hiyo nilipopatikana na saratani ya titi na nikaanza kupewa kemo, ile dawa kali ya saratani inayopitishwa mshipani, hofu niliyokuwa nayo iliingiliana na maswali. Dawa hii inatoka kwa nini? Mbona nyingine ni nyekundu? Inajuaje pa kwenda? Sista aliyekuwa akinihudumia, Sista Rose, mama mpole mwenye miwani, alikuwa akinijibu huku anapigapiga mkono wangu kutafuta mshipa kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka kwenye zulia. Mishipa yangu ilikuwa imekwisha. Dawa ni kali, inaichoma, inakuwa migumu, mwishowe inajificha kabisa, na daktari akaniambia uvimbe umeanza kunywea kwa hiyo si wakati wa kuruka dawa hata mara moja, na kwa kuwa mkono hauna tena njia, nitawekewa poti.

Poti ni kidude cha mviringo, kikubwa kama kifungo cha koti. Mgongo wake ni chuma na uso wake ni mpira mgumu. Daktari wa upasuaji anakupasua kidogo chini ya mtulinga (mimi upande wa kulia, kwa sababu titi lenye ugonjwa ni la kushoto), anakiingiza chini ya ngozi, anakishona kisihame, na kutoka hapo mrija mwembamba unaingia kwenye mshipa mkubwa unaoelekea moyoni. Siku ya dawa sista anachoma sindano yake maalumu kwenye ule mpira, dawa inapita, sindano ikitoka mpira unajifunga wenyewe. Jamani, unajifunga wenyewe! Mimi nimeshika vitambaa maisha yangu yote na sijaona kitu kinachochomwa mara mia na kisiache tundu. Na kuna jambo lingine: mara ya kwanza Sista Rose aliposukuma maji ya chumvi kuusafisha mrija, nilisikia ladha ya chumvi mdomoni, na sikuwa nimekunywa chochote. Nikamwomba arudie. Akakataa.

Kabla sijatoka akanishika bega akaniambia, "Mama Brenda, najua wewe. Hii kitu usichezee. Na usiache watu wachezee."

Nikamwambia sawa kabisa.

Basi nikarudi Kondele, kidonda kikapona vizuri, nikapata dawa yangu ya kwanza kwa njia hiyo bila hata kukunja uso, na wiki ile joto lilikuwa limezidi, nikavaa blauzi yenye shingo pana. Huo ndio uamuzi mdogo ulioniletea balaa lote, kama mnautafuta. La, subiri, uamuzi wenyewe ulifuata muda mfupi baadaye, Mama Nekesa alipokuja kuazima mkasi. Yeye anauza mitumba kibanda cha pili kutoka kwangu, tumekula pamoja na kugombana pamoja kwa miaka, na hakuna kitu kinachompita.

"Mama Brenda, hiyo kitu imesimama hapo kama kifuniko ya soda ni nini?"

Nikamweleza. Akasikiliza mdomo wazi, mkasi mkononi.

"Inapeleka dawa mpaka kwa moyo? Bila kutafuta mshipa?"

"Bila."

"Wee! Naweza gusa?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana, sista amekataza. Lakini nilikuwa nimekaa miezi watu wananitazama kwa huruma, wakiniongelesha kwa sauti ya matanga, na huyu hapa alikuwa ananitazama kama mtu mwenye kitu kizuri. Nikamwambia gusa tu.

Kufikia saa sita mama wa mandazi alikuwa ameshakuja. Kisha wakaja wateja wake. Kisha vijana wa boda boda wa pale stejini, mmoja akiniuliza kwa heshima zote, "Mathe, hiyo inachajiwa ama inatumia betri?" na mwenzake akashikilia simu karibu na bega langu aone kama itaonyesha kitu. Mama mmoja aliyekuja kuchukua gauni lake alikaa mpaka jioni akiwaeleza wengine kwa niaba yangu, tena akikosea. Nikaona bora nifanye kazi hiyo vizuri. Nikatafuta kifuniko cha chupa, nikakata kipande cha ndara ya zamani nikakibandika juu yake, nikachomeka mrija wa kalamu pembeni, ikawa poti ya mfano, na kila mtu akija namchomea sindano ya cherehani kwenye mpira namwonyesha jinsi dawa inavyopita, halafu akimaliza kuelewa mfano, anataka kugusa yenyewe. Nami nampa. Siwezi kuwadanganya, nilifurahia. Wengine waliniuliza ninaumwa nini hasa nikawajibu "kifua," kwa haraka, halafu nikarudi kwenye mrija.

Na watu wakiondoka, mimi mwenyewe je? Mguu uko kwenye cherehani, mkono mmoja unaongoza kitambaa, na ule mwingine, mara uko hapo juu, unaipapasa, unaisukuma kidogo kushoto, kidogo kulia, ukisikia jinsi inavyocheza. Mkono wa fundi hauwezi kuacha kifungo kilicholegea. Nilishangaa kidogo kwamba kimeanza kulegea, lakini nilishangaa kwa udadisi, si kwa hofu.

Habari zikafika kijijini kwetu Kombewa. Zilifikaje sijui, ila nashuku boda boda. Siku chache kabla ya dawa yangu nyingine, Waya Perpetua akashuka na kikapu chake. Waya ni shangazi, dada ya baba, na kwetu Waluo dada ya baba si mtu wa mchezo. Huyu wangu ni mjane, mwembamba, na akikohoa kwenye kikao cha familia wanaume wananyamaza waone anataka kusema nini. Alikuja, alivyosema, kunipeleka hospitali mwenyewe, kwa sababu hawezi kukaa Kombewa akisikia mtoto wa kaka yake ameota kitu mwilini.

Alikuta watu kibandani. Alikuta, kwa usahihi zaidi, msukuma mkokoteni wa maji akiwa ameweka kidole chake begani pangu huku akisema "imefungwa kabisa." Waya alisubiri wote waondoke. Akanikalisha.

"Nyathina, mtoto wangu, ulikula wapi samaki?"

Nikajua tunaelekea wapi. Kwetu kuna sihoho, yaani jicho la mtu mwenye tamaa, akikutazama ukila, chakula kinagoma kushuka, kinazunguka mwilini, kinajikusanya mahali kama uvimbe. Na dawa yake ni kukandwa na mtu anayejua. Nikachukua kifuniko changu cha chupa na ndara, nikamweleza yote, taratibu, mpaka mrija wa kalamu. Alisikiliza vizuri sana, hata akauliza mpira unapatikana wapi.

"Sasa nimeelewa," akasema. "Lakini chuma haiwezi kaa kwa mwili ya mtu na mtu anatembea. Hiyo ni chakula. Lala hapo nikukande."

"Waya, sista alisema isiguswe."

Akavuta kikapu chake karibu.

"Isiguswe. Mama Nekesa amegusa. Hao vijana ya pikipiki wamegusa. Yule wa maji, hata jina yake hujui, amegusa. Mimi dada ya baba yako ndio nikatazwe?"

Nawauliza ninyi, ningejibu nini? Ningekuwa nimemkataza Mama Nekesa siku ile ya kwanza, ningekuwa na mahali pa kusimama. Sasa nilikuwa nimempa kila mtu, kumnyima yeye ilikuwa matusi ya kupelekwa kikao cha ukoo. Nikalala. Nikamwambia kidogo tu, Waya. Akatoa kopo la samli kutoka kwenye kikapu, akapasha vidole, akaanza. Alikanda jioni hiyo, akakanda iliyofuata, na ile ya tatu nikasikia kitu kimeteleza ndani, kama kifungo kinachopita kwenye tundu lake, maumivu kidogo, kisha basi.

"Umeona? Imeshuka!" Waya akashangilia.

Na kweli, ilikuwa imelala. Lile duara lililokuwa limesimama sasa lilikuwa bapa, na ukigusa pembeni unasikia ukingo mkali ambao haukuwepo. Nilikuwa na swali moja tu na sikutaka jibu lake.

Siku ya dawa tulikwenda watatu, mimi, Waya na kikapu chake, na Mama Nekesa aliyefunga kibanda kwa hiari yake ili aone sindano ikiingia. Chumba cha kemo ni kirefu, viti vimepangwa ukutani, kila kiti kina mgonjwa na dripu yake, na watu mle wanajuana kwa majina. Sista Rose akanisalimia, akapapasa. Akapapasa tena. Akavua miwani akaivaa.

"Mbona leo iko hivi?"

"Labda nililala vibaya," nikasema. Nikajisikia mwenyewe nikiusema huo uongo kwa sauti ya mtoto aliyepasua sahani.

Akajaribu. Sindano ikaingia na ikagonga chuma, nikasikia mgongano mpaka kwenye meno. Akaitoa, akaniambia nitulie, akaenda. Nikapelekwa eksirei, nikarudishwa kitandani mwishoni mwa chumba, pazia nusu, na nikaja kumwona daktari mkubwa akitembea kwa haraka na msururu wa wanafunzi nyuma yake, picha yangu mkononi.

"Njooni muone hii," akawaambia, na kusema kweli uso wake ulikuwa uso wangu, uso wa mtu aliyeona zipu mpya. "Poti imegeuka kichwa chini, miguu juu. Mpira umetazama mbavu. Mama, ilikuwaje?"

"Nililala vibaya."

"Ulilala vipi?"

Wanafunzi wakatoa kalamu. Nikaanza kueleza jinsi nilivyolala, nikijigeuza kitandani na kifua kikiwa wazi, kwanza ubavu, kisha tumbo, nikaongeza na mto. Mmoja akauliza mto ulikuwa mgumu kiasi gani. Daktari akatikisa kichwa, akasema kulala hakuwezi kufanya hivyo, hii ni kasoro ya mshono, na akaagiza aitwe daktari kijana aliyeniwekea. Akaja, amevaa kofia ya upasuaji bado, akaitazama picha, na nikaona uso wake ukisawijika.

"Nilishona vizuri, daktari," akasema kwa sauti ndogo.

Mimi ni fundi. Najua mtu anayekurudishia gauni limepasuka akiapa hakucheza nalo dansi. Nilifungua mdomo niseme, naapa nilifungua, lakini kuna mtu alinitangulia.

"Daktari, msigombane." Waya alikuwa amesimama mahali pazia linapoishia, mgongo umenyooka, kopo la samli mkononi. "Huyu kijana hana makosa. Ile kitu ilikuwa imesimama hivi. Ni mimi nimekanda jioni tatu mpaka ikalala. Bado kidogo tu, ingeisha."

Halafu Mama Nekesa, ambaye hakuna aliyemuuliza, akaona ni vizuri kuwa mkweli.

"Na sisi tuligusa, daktari, lakini polepole."

"Sisi nani?"

"Watu wa Kondele."

Daktari akanigeukia. "Mama, ni nani hajaigusa?"

Hapo chumba kizima kikaangua kicheko. Mgonjwa wa kiti cha karibu alicheka mpaka Sista Rose akakimbia kumshikilia mkono wenye dripu, wanafunzi walitazama sakafu mabega yakitikisika, na yule daktari kijana akavua kofia akajifunika nayo uso. Mimi nikaanza kulia. Walidhani nalia kwa aibu, na aibu ilikuwepo tele, lakini nilichokuwa nikililia ni dawa. Nilikuwa nimeisikia sentensi moja ambayo daktari alimnong'oneza mwenzake, kwamba kama mrija umejikunja au umechomoka itabidi itolewe yote, na upande wa kushoto hapawekeki, na mikono yangu wanaijua. Uvimbe ulikuwa unanywea, na mimi nilikuwa nimeichezea njia yake mpaka nimeifunga, kwa raha ya kutazamwa na msukuma mkokoteni.

Daktari alijaribu kuigeuza kwa vidole kupitia juu ya ngozi. Haikukubali, na sitaki kuwaeleza uchungu wake. Ikabidi nipelekwe chumba cha upasuaji, nikapigwa ganzi, na yule kijana akanifungua pale pale alipokuwa amefunga. Nilikuwa macho, kitambaa kimenizuia nisione, na mnanijua.

"Daktari, umeona nini?"

"Mrija mzima. Umejisokota kidogo tu. Nyuzi zangu mbili zimekatika."

Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeishika tangu Kondele.

"Unatumia uzi gani?"

"Usioyeyuka. Mama, tulia."

"Ongeza wa tatu. Nitalipa na suruali."

Akacheka nyuma ya barakoa, na akaongeza. Niliomba msamaha pia, mle ndani, kwa ajili ya mshono wake niliouacha ulaumiwe, akasema ameshasamehe ila suruali anaitaka. Akaniachia sindano ikiwa imeshaingia kwenye mpira, plasta juu yake, nikalazwa, na kesho yake asubuhi nikaketi kwenye kiti, dawa ikaanza kushuka.

Waya alikuwa pembeni yangu. Tangu jana alikuwa hajasema kitu zaidi ya "umekula?" Kopo lilikuwa limerudi chini kabisa ya kikapu. Nilidhani ana aibu nikawa natafuta neno la kumpoza, lakini yeye alikuwa akiitazama ile dawa nyekundu ikidondoka kwenye mrija.

"Hiyo inaenda kutibu nini?" akauliza.

Nilishtuka. Hebu fikirieni. Nilikuwa nimeifundisha Kondele yote, mpaka vijana wa boda boda walijua mpira unajifungaje, na hakuna mtu hata mmoja niliyemwambia dawa inakwenda kutibu nini. Nilikuwa nasema kifua. Kifua ni neno zuri, linaweza kuwa kikohozi. Watu walitazama kidude na mimi nikafurahi watazame kidude, kwa sababu wakati wote walipokuwa wanakitazama, hakuna aliyetazama upande wa kushoto.

"Saratani, Waya," nikasema.

"Ya wapi?"

Nikaona haya. Mwanamke mzima, nimetoka kujigeuzageuza matiti wazi mbele ya wanafunzi, nikaona haya mbele ya dada ya baba yangu.

"Ya thuno," nikasema kwa Kiluo, nikashika titi lenyewe.

Akaangalia huku na huku, akaweka kiganja chake juu ya gauni, upande wa kulia, chini karibu na kwapa.

"Yangu pia iko na kitu. Haiumi. Nimekanda na hiyo samli tangu mavuno ya mwaka jana. Hiyo yako ilivyolala haraka, nikasema basi, hata yangu italala."

Sijui nilimwita Sista Rose kwa sauti gani, ila alikuja akikimbia akidhani poti imechomoka, na chumba kizima kikageuka tena kunitazama. Safari hii hakuna aliyecheka. Sista alimsikiliza Waya, akamshika mkono kama anavyonishika mimi, wakaingia nyuma ya pazia, na waliporudi Sista hakutabasamu wala hakukunja uso, akasema tu kwamba leo hii hii ataonwa na daktari. Wamemtoa kipande wakakipeleka kupimwa. Majibu bado. Yuko kwangu sasa, anashona vifungo, hataki kurudi Kombewa kabla ya kujua, na mimi namshangaa jinsi anavyouliza maswali, kumbe udadisi wangu niliurithi upande wa baba.

Kuhusu poti, blauzi zangu zote sasa zina kola, na anayetaka kujifunza anafundishwa kwa ile poti ya ndara. Lakini sikuapa kuhusu hilo. Nimeapa kwamba neno kifua halitatoka tena mdomoni mwangu. Nikiulizwa ninaumwa nini nasema saratani ya titi, la kushoto, nilianza kwa kusikia kijiwe kisichouma, na nasema hivyo hata kama tuko kwenye foleni ya maji na wanaume wamesimama, halafu namgeukia aliyeniuliza, hasa akiwa na umri wa shangazi yangu, namuuliza yeye mwenyewe amejipapasa lini mara ya mwisho.